Zuena na Majibu Matatu ya Chanika

Siku tuliyomzika mke wangu Zuena, watu walicheka. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimekosa adabu kwa marehemu katika haya nitakayoyaandika.

Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, kwao Chanika. Wanaume tumekaa kwenye majamvi nje, wanawake wako ndani wanalia. Mara akatokea Mihambo, mwalimu wa michezo wa shule aliyofundisha Zuena. Kavaa miwani ya marehemu, kajitanda mtandio wake, begi la kompyuta begani, simu mkononi, na anatembea kwa ule mwendo wa Zuena wa haraka haraka kama mtu anayewahi kengele. Akapiga hodi kwa wanawake, akasema kwa sauti nyembamba:

"Habari za mchana, wazazi wangu. Naitwa Zuena, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nina maswali machache tu, sitawachosha. Kwa kipimo cha moja mpaka tano, moja hujalia kabisa, tano umelia mpaka kamasi, wewe mama umelia ngapi?"

 Kisha Bi Chausiku, mama mtu mzima anayekaa jirani na nyumba ya wakwe zangu, akajifuta uso kwa khanga.

"Mie nilikuwa tano," akasema. "Ila kwa kukuona Mnyamwezi umejitanda mtandio, weka mbili."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na waliokuwa wanalia wakawa wanalia na kucheka pamoja. Sheikh akanitazama kuona kama nimeudhika. Nikatikisa kichwa kuwa sikuudhika. Akasema, "Mwacheni, ila alasiri isimpite."

Zuena alikuwa Mzaramo, na Mihambo ni Mnyamwezi wa Tabora. Makabila haya mawili ni watani tangu mababu wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anaruhusiwa kukusema atakavyo, na msibani anaruhusiwa kumwigiza marehemu, wala hakuna wa kununa. Mimi kwetu ni Pangani, simo katika utani wao, lakini nimeishi katikati yake kwa miaka yote ya ndoa yangu. Na utani huo huo nusura umkoseshe Zuena shahada yake. Alipenda kuisimulia habari hii mwenyewe. Sasa Mola wake amemchukua, basi acha niisimulie mimi.

Zuena alikuwa anafundisha uraia sekondari, huku kwetu Tabata. Mimi ni fundi wa mafriji. Siku aliyopata nafasi chuoni alinikuta nimeinama nyuma ya friji la mteja.

"Baba Salma, nimepata chuo!"

"Alhamdulillah. Unakwenda kusomea nini?"

"Uchambuzi wa takwimu kwa sayansi ya siasa."

"Rudia polepole mama, nina mtungi wa gesi mkononi."

Akachuchumaa hapo hapo na sare zake za kazini, akanieleza. Alisema kila siku anasikia watu redioni wakisema wananchi wanataka hiki, wananchi wamechoka na kile. "Mie nataka kujua wananchi gani," akasema. "Wangapi? Na nani kawauliza?"

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Wenzake darasani walikuwa vijana waliotoka shahada ya kwanza juzi juzi, na wakamwita Shangazi tangu wiki ya kwanza. Mtaani kwetu ilikuwa kazi kubwa zaidi. Watu walisikia neno siasa tu, hawakusikia lililobaki. Faraji, mwenye genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba yetu, akaanza kumwita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, ukishapata jimbo usisahau taa ya hapa gengeni."

"Faraji, mie nasomea kuhesabu, si kugombea."

"Kumbe! Basi wewe ndiye mkubwa kabisa. Chukua na hoho hizi, bure."

Kompyuta ilimtesa mwanzoni. Ile programu ya takwimu ilitaka uiandikie maagizo mwenyewe, na ukikosea nukta moja inakujibu kwa maandishi mekundu. Nikisikia Zuena anasema "imeninunia tena," najua chai itanywewa baridi. Mara nyingi aliyemsaidia alikuwa binti yetu Salma, wakati ule yuko kidato cha tatu. Alikuwa anapita na sahani yake ya wali, anachungulia, anasema, "Mama, mabano hujafunga," huyo kaenda zake.

Siku alipofanikiwa kuchora mchoro wa kwanza alituita sote. Kwenye kioo palikuwa na nukta nyingi zimetawanyika kama mtama uliomwagika.

"Kila nukta ni mtu," akasema.

"Mimi niko wapi?" nikamuuliza.

"Wewe hujaulizwa."

Alicheka sana kwa jibu lake hilo. Bado nalisikia lile cheko nikipita pale mezani.

Ukafika wakati wa tasnifu. Swali lake lilikuwa la nyumbani kabisa: kwa nini watu wanakwenda au hawaendi kwenye mikutano ya mtaa, na wanamwamini mwenyekiti wao wa mtaa kiasi gani. Akachagua mitaa mitatu, mmoja huku Tabata, mmoja Mbagala kule Temeke, na mmoja Chanika. Huo wa Chanika ni mtaa ambao mashamba ya mihogo na nyumba mpya bado vinasukumana, na pagale la ghorofa linaweza kusimama katikati ya mikorosho. Wauliza maswali walikuwa watatu: yeye mwenyewe, Theonest ambaye alisoma naye, kijana wa Muleba mpole sana, na Mihambo, ambaye shule ilikuwa imefunga na hakuwa na la kufanya.

Kitabu chake kilisema wauliza maswali wagawiwe maeneo kwa kura, ili pasiwe na upendeleo. Basi akakata vikaratasi, akavitia kwenye sufuria, akaifunika, akaitikisa. Theonest akapata Mbagala. Mihambo akatia mkono, akafungua chake, akasoma: Chanika.

Nikacheka mpaka nikaweka chini kikombe. "Mnyamwezi kwa Wazaramo peke yake? Watamla mzima huyu!"

"Watanishindwa," akasema Mihambo. "Wakisikia ngoma mtaa wa pili wataacha maswali na chungu jikoni."

"Hata mie siwaachi wazazi wangu na mla michembe ya viazi vikavu," akasema Zuena. Kisha akawa mwalimu tena. "Lakini kura ni kura. Sayansi haina mtani."

Akawafunza kanuni zake. Andika anachosema mtu, siyo unachodhani wewe. Usibishane naye. Usirudie swali ili upate jibu zuri zaidi. Na usicheke.

Mihambo alirudi kutoka Chanika amenenepa. Naapa amenenepa. Alikuja na mfuko wa mihogo, mapapai na jogoo aliyefungwa miguu, akakabidhi simu yenye majibu, akasema kazi imekwisha.

Zuena akayaingiza majibu kwenye kompyuta. Tabata zikatokea nukta zilizotawanyika, Mbagala vivyo hivyo. Chanika nukta zote zilikuwa zimelala chini kabisa ya mchoro kama zimepigwa na jua. Unamwamini mwenyekiti wa mtaa kiasi gani? Moja. Wajumbe wake? Moja. Mkutano wa mtaa unasaidia? Moja. Nyumba baada ya nyumba. Na pale ambapo mtu aliachiwa ajibu kwa maneno yake, palikuwa na maajabu. Mmoja aliulizwa kama anaongea mkutanoni, akajibu naongea, ila na mke wangu, kwa simu. Mwingine aliulizwa kama mwenyekiti anaaminika, akajibu kuliko Mnyamwezi, lakini hiyo si sifa. Wa tatu aliulizwa angependa kiongozi wa namna gani, akajibu asiyenuka asali ya Tabora.

Msimamizi wake, Dokta Kokushubila, mama wa Bukoba asiyependa mchezo, aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. Zuena aliniambia mazungumzo yao neno kwa neno.

"Zuena, binadamu hawajibu moja, moja, moja. Huyu kijana wako alikaa kivulini akajaza mwenyewe."

"Dokta, simu inaonyesha alifika kila nyumba. Na inaonyesha kila nyumba alikaa zaidi ya saa nzima."

"Saa nzima kwa maswali kumi na manane? Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, Dokta."

Dokta hakucheka. Akamwambia wazi kwamba majibu haya hayawezi kuingia kwenye tasnifu mpaka aonyeshe kuwa ni ya kweli. Na akiyaondoa, mitaa miwili haitoshi kujibu swali lake, hatakuwa na tasnifu. Muda wa kuwasilisha ulikuwa unakaribia, na likizo yake ya masomo ilikuwa inaishia hapo. Akirudi kufundisha vipindi vya wiki nzima, kumaliza ingekuwa ndoto. Na juu ya hayo, Mihambo angebaki na jina la mghushi.

Tukamwita Mihambo nyumbani baada ya magharibi. Zuena akammiminia chai kwanza, kwa ustaarabu, ndipo akaanza.

"Mihambo, niambie kweli. Uliwauliza?"

"Dada, niliwauliza mpaka sauti ikakauka."

"Mbona wote wanasema moja?"

"Ndivyo walivyosema. Si ulisema tuandike wanachosema?"

"Lakini walikuwa wanakutania, ndugu yangu! Asiyenuka asali, hilo jibu kweli?"

Mihambo akaweka kikombe. "Mie walinitania, dada. Tangu mlangoni walinitania. Mzee mmoja alinipa jembe akasema Mnyamwezi hakai bure, nililima matuta mawili kabla ya swali la kwanza. Lakini zile moja hawakunitania. Zile walikuwa wanazisema kwa raha, kama mtu anayekuna upele."

"Na ulicheka?"

"Sikucheka. Niliumia mbavu mpaka leo."

Alipoondoka, Zuena aliufungua tena ule mchoro. Alimwamini kuwa alifika na kuuliza. Majibu ndiyo hakuyaamini. Akasema atakwenda mwenyewe, kwenye nyumba zile zile, na maswali yale yale. Yeye ni mtoto wa pale, watamwambia kweli.

Jumapili nikampakia kwenye pikipiki yangu tukaenda. Hapo kuna jambo nililopaswa kulitaja: mwenyekiti wa mtaa ule alikuwa Mzee Shomari, kaka wa mama yake Zuena, tumbo moja. Alitupokea kwa furaha, akatunywesha madafu, na aliposikia shughuli yenyewe akachukua bakora yake.

"Nitawasindikiza. Mpwa wangu hawezi kuzunguka peke yake kama mchuuzi."

"Mjomba, ningependa niwaulize peke yangu."

"Utawauliza. Mie nitakaa pembeni tu."

Akakaa pembeni kweli, kila nyumba, kwenye kigoda, mikono juu ya bakora, anawatazama watu wake kwa upendo. Ngapi kwa mwenyekiti? Tano. Wajumbe? Tano. Mkutano unasaidia? Tano, mwanangu, tano! Nyumba ya nne Zuena alimbembeleza mjomba wake arudi nyumbani akapumzike, na mzee akarudi. Lakini tano zikaendelea. Tukapewa vitumbua, kisamvu, maji ya ukwaju, na tano.

Kwa Bi Chausiku, Zuena uvumilivu ukamwisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwenyekiti tano. Njoo ule."

"Bibi, sijauliza bado! Na kwa Mihambo ulisema moja."

"Kwa yule Mnyamwezi? Kwa yule hata marehemu mume wangu ningempa moja, na nilimpenda."

"Sasa jibu lako hasa ni lipi, bibi? Moja au tano?"

Bi Chausiku akamtazama kama anayetazama mtoto aliyeuliza jua linatokea wapi.

"Anauliza nani?"

"Mie."

"Basi tano."

 Wakati wa kurudi, tulipofika Pugu, Zuena akanigonga mgongoni, nikasimamisha pikipiki nikidhani kaona kitu.

"Baba Salma," akasema, "nimeuliza watu mchana kutwa, na wote wamemjibu mjomba."

Likabaki jaribio moja. Theonest hakuwa mtani wala mtoto wa pale. Zuena akamwomba naye aende, na Theonest akaenda, kavaa mabuti na kofia ya jua, anahesabu nyumba kwa kidole kama alivyofundishwa. Alirudi amefadhaika.

"Shangazi, wale watu walidhani nimekuja kununua viwanja."

"Uliwaambia wewe ni mwanafunzi?"

"Niliwaambia. Wakasema wote huanza hivyo. Mzee mmoja aliniambia hapa hapauzwi, kisha akanipeleka kunionyesha mpaka ulipo."

Majibu yake yalikuwa tatu, tatu, tatu. Mtu usiyemjua, huna ugomvi naye wala undugu naye, na huenda kesho akaja na mawe ya mipaka, unampa tatu ili aende zake salama.

Kwa hiyo sasa Zuena alikuwa na mtaa mmoja wenye majibu matatu. Hizo zilikuwa siku ngumu pekee ninazozikumbuka katika masomo yake. Aliswali, akafunga Jumatatu na Alhamisi, akaomba. Mimi nilimwambia kwa nia njema kuwa kushindwa ni jambo la kawaida, elimu aliyoipata haitapotea. Akanijibu, "Najua, mume wangu. Lakini Mihambo je?" Hapo nikajua hataacha.

Asubuhi moja ya Jumapili nilikuwa nakaanga viazi, maana zamu ya jikoni ilikuwa yangu. Nikamsikia anaita kwa sauti, si mimi, si Salma, anaita tu.

"Maji! Maji! Angalia maji!"

Nikakimbia nikidhani bomba limepasuka. Nikamkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili, anatabasamu kwenye kioo. Alikuwa ameacha kuangalia swali la kumwamini mwenyekiti, akayapanga maswali mengine yote ubavu kwa ubavu, safu tatu: ya Mihambo, yake na ya Theonest. Kulikuwa na swali dogo ambalo hakuwahi kulijali: mara ya mwisho ulipopata shida ya maji, ulikwenda kwa nani kwanza? Kwa Mihambo walisema Bi Chausiku. Kwake, na mjomba kwenye kigoda, walisema Bi Chausiku. Kwa mnunuzi wa viwanja walisema Bi Chausiku. Bi Chausiku ndiye mwenye kisima, na ndiye anayemjua fundi wa pampu. Na swali la mkutano wa mwisho wa mtaa, ulikwenda au hukwenda? Safu zote tatu wengi walisema hawakwenda, kwa sababu mkutano huitishwa asubuhi ya Jumamosi na wao wako shamba. Majibu yalifanana kama mapacha.

"Unaona?" akaniambia. "Ukiwauliza wanaonaje, wanamtazama aliyeuliza. Ukiwauliza walifanya nini, wanasema walichofanya."

"Kwa hiyo Mihambo hakughushi."

"Mihambo ndiye aliyefanya kazi vizuri kuliko sie wote. Mie ndiye niliyeuliza swali la adabu nikategemea jibu la takwimu." Kisha akanusa. "Viazi vinaungua?"

Vilikuwa vinaungua. Tukavila hivyo hivyo.

Akaandika sura nzima mpya. Lakini kabla hajaipeleka kwa Dokta, nilimpeleka Chanika amsomee mjomba wake. Jina la mtaa hakuliandika, lakini yeyote wa pale angelijua. Mzee Shomari alisikiliza mpaka mwisho, kofia gotini.

"Kwa hiyo mie wananipa tano," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Nikiuliza mie."

"Na shida ya maji wanampelekea Chausiku."

"Yeyote akiuliza."

Mzee akaigeuza kofia yake. Niliogopa, maana ni mtu wa heshima zake. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika. "Miaka yote hii najiuliza kwa nini watu wangu hawana shida ya maji! Nikajua uongozi wangu mwema!" Akacheka mpaka akakohoa, mkewe akaja na maji. "Andika, mwanangu. Andika ilivyo. Na huo mkutano nitausogeza jioni, kama kinachowashinda ni asubuhi."

Siku ya kutetea tasnifu nilimsindikiza chuoni. Mihambo naye alikuja, kavaa tai ambayo nadhani ilikuwa ya sare ya shule. Sisi hatukuruhusiwa kuingia, tukakaa kwenye benchi nje. Lakini Mungu alinihurumia: kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kimekufa, nilikisikia kinavuma bila kupoza nikajua kapasita, kile kifaa cha kuiwasha mota, imekwisha, na wale wasomi wakafungua madirisha yote. Nilisikia kila kitu.

Alianza vizuri. Akaeleza kura, akaeleza mitaa, akafika Chanika. Palikuwa na mtahini kutoka chuo kingine, Dokta Albano, sauti yake nzito na ya taratibu. Akamkatiza.

"Mama, una mtaa mmoja na majibu matatu tofauti. Kwa kawaida tungesema utafiti umeharibika. Kwa nini nisiseme hivyo?"

Mihambo akanishika mkono. Tai ilikuwa imemkaba.

"Ungekuwa umeharibika ningewaletea jibu moja na kuwaficha mawili," Zuena akasema. "Nimeyaleta yote, na majina ya waliouliza. Mtani kapata jibu la utani, mpwa wa mwenyekiti kapata jibu la heshima, mgeni kapata jibu la mgeni. Hakuna aliyedanganywa. Kila mmoja kajibiwa alivyostahili."

"Na wewe unamwamini yupi? Mtani, au mpwa?"

Nikasikia karatasi inageuzwa.

"Naiamini miguu yao, Dokta. Midomo yao ilijua anayeuliza ni nani. Miguu yao ilipokwenda kwa yule mama mwenye kisima haikujua kama siku moja kuna mtu atakuja kuuliza."

Mtu mmoja mle ndani akaguna, lile guno la kuridhika. Dokta Kokushubila akauliza swali la mwisho. Sauti yake sikuielewa ilikuwa ya ukali au ya nini.

"Na yule kijana niliyesema alijaza kivulini?"

"Yuko nje, Dokta. Alilima matuta mawili kabla ya swali la kwanza."

Wote wakacheka, na Dokta Kokushubila nilimsikia waziwazi akicheka kuliko wengine.

Wakamtoa nje ili washauriane. Alisimama ukutani, anasogeza midomo kwa dua, hatukumsemesha.  Haikuwa muda mrefu. Dokta Kokushubila akatoka mwenyewe, miwani kichwani.

"Umefaulu. Marekebisho madogo. Dokta Albano anataka kurasa mbili za kueleza utani ni nini, kwa msomaji wa nchi nyingine. Na wewe," akamgeukia Mihambo, "nakuomba radhi, mwanangu."

 Mihambo akainama tu akasema, "Shikamoo, Dokta."

Zuena hakupiga kelele wala kurukaruka. Alinipa simu yake, akamkabidhi Dokta lile begi la kompyuta bila kufikiri, kama anavyomkabidhi mwanafunzi, akavua viatu, akashuka kwenye nyasi, akageukia Kibla na kusujudu sijida ya shukrani, hapo hapo, wanafunzi wakipita. Niliyaona machozi yakidondoka kwenye nyasi. Ya Rabi, kama ulivyomwinua siku ile kutoka kwenye ile sijida akiwa anatabasamu, mwinue hivyo hivyo siku ya kufufuliwa.

Dokta Kokushubila, Mkristo safi wa Bukoba, alisimama kimya amelikumbatia begi mpaka Zuena akamaliza na kupangusa paji la uso. Ndipo akamrudishia.

"Marekebisho nayataka Ijumaa," akasema.

"Ijumaa nina sala, Dokta."

"Basi Alhamisi."

Zuena akacheka, akavaa viatu vyake, na tulipokuwa tunakwenda kwenye pikipiki alikuwa ameshaanza kumhoji Mihambo juu ya utani, ili aziandike kurasa mbili zake.